Treni ya milimani, homa ya ziwani

Mwaka 1996, tulipotimiza miaka kumi ya ndoa, mume wangu alirudi nyumbani na tiketi mbili za treni ya Kisumu, daraja la kwanza. "Mama watoto," akaniambia, "mara hii hatupandi basi. Nataka uone reli inavyoteremka Mau." Watoto tukawaacha kwa dada yangu, na jioni tukaondoka Nairobi.

Alfajiri ilitukuta milimani. Baridi ilikuwa kali hata tukajifunika blanketi na kuchungulia dirishani. Treni ilikuwa imekwisha kupita Mau Summit, penye urefu wa zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, ikawa inashuka polepole kupitia Londiani na Kipkelion, upande wa Kericho. Ukungu ulijaa mabondeni. Reli ilijipinda hata tukaweza kuona behewa la mwisho likivuka daraja refu tulilokwisha kulivuka. Baada ya Fort Ternan joto likaanza kuingia. Kufika Koru na Muhoroni, tulikuwa tumevua masweta na kuzungukwa na mashamba ya miwa. Saa chache baadaye tukawa Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari.

Mume wangu alinisimulia habari za Florence Preston, aliyefuatana na mumewe, mhandisi Ronald Preston, reli ilipokuwa ikijengwa. Ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho reli ilipofika ziwani Desemba 1901. Tulicheka kwamba hiyo ndiyo fungate ndefu kuliko zote.

Jambo ambalo hatukulifikiria ni kwamba kwa usiku mmoja tulikuwa tumeteremka kutoka nchi isiyo na malaria hadi nchi ya malaria.

Chandarua kimoja, vitanda viwili

Chumba tulicholala Kisumu kilikuwa na vitanda viwili na chandarua kimoja. "Lala wewe," mume wangu akasema. "Mimi nimezaliwa huku. Mbu wananijua." Tulilala hapo siku mbili, kisha tukapanda matatu hadi Kericho kutazama chai. Hakuna mandhari ya kutuliza moyo kama yale: majani mabichi yamefunika vilima mpaka macho yanapokoma, wachumaji wamebeba vikapu mgongoni, na mvua inakuja mchana kana kwamba imeahidiana na saa. Tukapita Bomet kuwaona marafiki, halafu tukarudi Nairobi kwa basi.

Siku ya kumi na moja tangu tulale Kisumu, mume wangu alianza kulalamika kichwa na viungo. Tukasema ni baridi ya Kericho. Akanywa dawa za maumivu, akaenda kazini. Siku ya tatu alirudi mchana akitetemeka hata kitanda kikalia. Usiku alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akiwaita watu waliokwisha kufariki. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitalini, swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Mlisafiri wapi mwezi huu?" Damu ikapimwa, malaria ikaonekana, tena kali. Alitundikiwa dripu ya kwinini, nami nikakesha kando ya kitanda nikihesabu matone. Siku ya pili asubuhi aliniita kwa jina langu. Sitaisahau asubuhi ile.

Kwa nini ilimpata mwenyeji?

Msomaji, wapo wengi mijini wanaofikiri kama mume wangu. Ni kweli kwamba mtu anayeumwa na mbu wa malaria mara kwa mara tangu utotoni hupata kinga kiasi. Lakini kinga hiyo hupungua akihama na kuishi miaka mingi mahali pasipo na malaria. Akirudi kwao likizo, mwili wake unakaribia kuwa kama wa mgeni.

Urefu wa nchi nao una maana yake. Kijidudu cha malaria huhitaji joto ili kikomae ndani ya mbu, na kwenye baridi kali mbu hufa kabla hakijakomaa. Ndiyo maana Mau ni salama kuliko Kisumu. Hata hivyo, vilima si ngome. Katika miaka ya 1990 malaria ililipuka katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, Kericho ikiwemo, na watu wazima wakaugua sana kwa kuwa hawakuwa na kinga.

Kabla hujapanda treni

Treni ya abiria ilirudi Kisumu Desemba 2021 baada ya reli kukarabatiwa. Ulizia stesheni ratiba, kisha ukumbuke haya:

Beba chandarua chako kilichotiwa dawa. Usitegemee cha mwenyeji wako. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo vaa mikono mirefu jioni.

Mwone daktari mapema kabla ya safari ili akushauri kuhusu dawa za kuzuia malaria, hasa kama mama ni mjamzito au mnasafiri na mtoto mdogo. Hao malaria huwaua upesi.

Dalili hazitokei kesho yake. Kwa kawaida huanza baada ya siku saba au zaidi, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja, na pengine baadaye. Ukipata homa baada ya safari, usikisie ni mafua. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na mwambie daktari ulikolala.

Usijinunulie vidonge ulivyozoea zamani. Klorokwini iliachwa nchini mwaka 1998 kwa kuwa malaria iliizoea. Tangu mwaka 2006 dawa inayotumika kwanza kwa malaria ya kawaida ni mseto wa AL, unaomezwa kwa siku tatu. Umalize hata ukijisikia nafuu.

Mume wangu sasa ni mstaafu, na bado anapenda kunisimulia Mau. Lakini tukifunga mizigo ya kwenda kwao, kitu cha kwanza anachotia begini ni vyandarua. Hutia viwili.