Tikiti bivu: litambue kabla ya kisu

Jua linawaka, koo limekauka na mfukoni una hela ya tikiti moja tu. Mbele yako yamepangwa kama hamsini hivi, yote ya kijani. Je, utachukua lipi?

Wengi wetu tunakimbilia linalong'aa. Kisu kikizama, ndani jeupe, ladha hakuna! Wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tena usijidanganye kwamba utaliweka uvunguni siku tatu liive. Embe na ndizi huendelea kuiva hata baada ya kuchumwa. Tikiti haliko hivyo. Sukari yake huletwa na mmea kupitia kikonyo, na likishachumwa utamu unaishia hapo. Litalainika, mwisho litaoza, lakini halitakuwa tamu zaidi. Kwa hiyo chagua vizuri pale pale gengeni.

UTALIJUAJE?

1. Tumbo. Ligeuze utafute baka pale lilipolalia udongo. Baka jeupe au la kijani hafifu, achana nalo. Baka la njano kama siagi ni dalili nzuri.

2. Ganda. Tikiti bichi linameremeta. Likiiva, mng'aro hupungua.

3. Uzito. Chukua mawili yanayolingana ukubwa, uyapime kwa mikono. Lililo zito ndilo lenye maji mengi. Zaidi ya sehemu 90 kwa 100 za tikiti ni maji.

4. Mlio. Ligonge kwa kidole. Bichi hulia kwa sauti kali, bivu hutoa mlio mzito. Lakini usitegemee mlio peke yake, maana hata lililoiva kupita kiasi hutoa mlio mzito.

Kama wewe ndiye mkulima, una dalili nyingine tena ya uhakika. Karibu na kikonyo cha tunda kuna kijiuzi kilichojikunja kama springi. Kikiwa kibichi, subiri. Kikikauka na kuwa cha kahawia, angalia na tumbo, kisha vuna. Kwa kawaida ni kati ya siku 30 na 45 tangu ua lichanue. Ukivuna mapema kwa haraka ya hela, mteja hatarudi.

"SI NIMWAMBIE TU MUUZAJI ANIKATIE NIONJE?"

Hapo ndipo penye hatari, rafiki. Ganda la tikiti limelala kwenye udongo, limepanda lori, limeshikwa na mikono mingi. Kisu kikipita kwenye ganda chafu, kinaingiza vijidudu ndani. Na tikiti halina ukali kama wa limau, kwa hiyo vijidudu hustawi humo, hasa kwenye joto. Kisu hicho hicho labda kimekata matikiti ishirini tangu asubuhi na kusuuzwa kwenye ndoo moja. Vipande vinavyokaa juani na inzi juu yake ni hivyo hivyo.

Hatuzungumzii kuumwa tumbo tu. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kusambaa mikoani hupita njia hiyo hiyo: maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaweza kuumia zaidi.

Ukijua dalili za nje, huna haja ya kukatiwa. Nunua zima, kisha:

- Nawa mikono kwa sabuni.
- Sugua ganda lote kwa maji safi na salama kabla ya kukata. Kama hakuna bomba, mwagia kwa kata, usilitumbukize kwenye beseni.
- Tumia kisu na ubao uliooshwa, ambao haujatoka kukatia nyama mbichi.
- Kata kiasi mtakachokula. Kama huna friji, usiache vipande zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32, mwisho saa 1. Waite majirani mle wote!

Na ukianza kuharisha majimaji mfululizo, usione aibu wala usijitibu kwa tikiti. Koroga pakiti ya ORS kwenye maji salama kama maelezo yake yanavyosema, anza kunywa, na uwahi kituo cha afya.