HD ya Bei Nafuu: Diski Iliyokosa Deki

Mwaka 2003, Wamarekani walionunua toleo jipya la filamu ya Terminator 2 walikuta diski mbili ndani ya kasha. Moja ilikuwa DVD ya kawaida. Ya pili ilibeba filamu ileile kwa ubora wa HD, miaka mitatu kabla ya Blu-ray kufika madukani, ingawa nayo ilikuwa DVD ya leza nyekundu kama nyingine zote. Tatizo ni kwamba deki za sebuleni hazikuweza kuicheza. Ilihitaji kompyuta, tena kompyuta yenye nguvu kwa viwango vya wakati huo.

Tangu hapo wazo la kuweka HD kwenye DVD limekuwa likizama na kuibuka tena. Kama DVD inaweza kubeba HD, kwa nini mtazamaji alipishwe gharama za leza ya buluu ya Blu-ray? Kwa nini pasiwe na diski ya daraja la kati, yenye picha nzuri kuliko DVD na bei ya chini kuliko Blu-ray?

Kwa upande wa ufundi, wazo halina kasoro. DVD yenye matabaka mawili hubeba gigabaiti 8.5. Ukiweka humo filamu ya saa mbili, kila sekunde inapata takriban megabiti 9 kwa picha na sauti pamoja. DVD ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, picha zilibanwa kwa mbinu ya MPEG-2, na nafasi hiyo ilitosha picha isiyozidi nukta 720 kwa 576. Lakini mwaka 2003 ilikamilika mbinu ya H.264, ambayo huhitaji karibu nusu tu ya data kwa picha ya ubora uleule. Nafasi ya ziada ikapatikana, na ndani yake picha ya nukta 1280 kwa 720, ile inayoitwa 720p, inaenea bila kubanwa kupita kiasi. Hizo ni nukta 921,600, zaidi ya mara mbili ya zile za DVD. Picha kamili ya HD, yaani 1080p, ina nukta 2,073,600.

Je, macho yanaiona tofauti hiyo? Inategemea kiti kimewekwa wapi. Jicho zima la kawaida hutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya moja ya sitini ya digrii. Kwenye televisheni ya inchi 32, mtu aliyekaa umbali unaozidi mita 2 hawezi kuzitambua nukta za 720p mojamoja, kwa hiyo 1080p haimwongezei kitu. Hata DVD, ikiwa imetengenezwa vizuri, inaanza kumtosheleza akifika mita 2.4 hivi. Kwenye inchi 55 mambo hubadilika, maana hapo 720p huhitaji zaidi ya mita 3 kabla nukta hazijapotea. Mwanzoni mwa karne hii, televisheni kubwa kiasi hicho zilikuwa za wachache, na nyingi zilizobandikwa nembo ya "HD ready" barani Ulaya zilikuwa na mistari 768 tu. Kuzilisha 1080p ilikuwa ni kuzipa data ambazo zingepunguzwa kabla ya kuonyeshwa.

Wahandisi waliyajua hayo yote. Kambi ya HD DVD, iliyoongozwa na Toshiba na kushindana na Blu-ray kwa leza ya buluu vilevile, iliruhusu katika kanuni zake filamu ya HD irekodiwe kwenye DVD ya kawaida. Kambi ya Blu-ray nayo ikawa na BD9, yenye shabaha hiyohiyo. Aina hizo mbili zilibaki zaidi kwenye karatasi, kwa kuwa studio kubwa za Hollywood hazikuona sababu ya kuzitumia.

Sababu ya kwanza imo katika bei yenyewe. Mnunuzi akiona filamu inauzwa dola 25 hudhani analipia diski. Ukweli ni kwamba kuchapa DVD kiwandani kwa wingi hakufiki hata dola moja. Kinacholipiwa ni haki za filamu, matangazo, usambazaji na faida ya duka. Kuihamisha filamu kutoka diski ghali kwenda diski rahisi kunapunguza sehemu ndogo kabisa ya bei hiyo.

Basi inabaki deki. Hapa watetezi wa daraja la kati walikuwa na hoja, lakini kwa muda mfupi. Deki ya kwanza ya Blu-ray kuuzwa Marekani, ya Samsung, ilitoka Juni 2006 kwa dola 999, na leza ya buluu ya nanomita 405 ilikuwa bado adimu. Hata hivyo, DVD yenye H.264 isingechezwa na deki za zamani, kwa sababu chipu zake hazikuielewa mbinu hiyo. Mteja angelazimika kununua mashine mpya vilevile. Na wakati anajishauri, leza ya buluu nayo ilikuwa ikishuka bei: Novemba 2007, maduka ya Walmart yaliuza deki ya HD DVD ya Toshiba kwa chini ya dola 100. Faida ya leza nyekundu ilikuwa imeyeyuka katika mwaka mmoja na nusu.

Toshiba ilijisalimisha Februari 2008. Miezi michache baadaye ikatoa deki ya DVD iliyokuza picha za kawaida ili zipendeze kwenye televisheni ya HD. Hatua hiyo inaeleza mengi. Aliyetaka nafuu alikuwa na DVD zake kabatini na deki ya kuzikuza. Aliyetaka ubora aliingoja Blu-ray ishuke bei.

Wapo waliojaribu wakiwa na nguvu ya serikali nyuma yao. China, iliyochoshwa na mirabaha ambayo viwanda vyake vilitozwa kwa kila deki ya DVD, ilianza mwaka 1999 kutafuta mfumo wake, na mwaka 2003 ikautangaza kwa jina la EVD: HD kwenye diski ya leza nyekundu. Mbinu yake ya kubana picha ilipatikana kwa leseni kutoka kampuni ya Marekani, On2, na pande hizo mbili zikaishia kwenye usuluhishi wa mgogoro. Viwanda vikubwa vya deki duniani vilikuwa hukohuko China, lakini filamu za Hollywood hazikuja kwa wingi, na deki isiyo na filamu haina mnunuzi.

Atakayepinga atakumbusha VCD. Ilitoka mwaka 1993 na nukta zake 352 kwa 288, haikuweza kubeba filamu nzima kwenye diski moja, na bado iliteka Asia na kuenea hadi Afrika Mashariki. Ila VCD ilishindana na kanda ya VHS, ambayo picha yake haikuwa bora sana, na ambayo ilichakaa kila ilipochezwa. Chini yake hapakuwa na kitu kilichowatosha watu, kama DVD ilivyowatosha baadaye.

Na wauzaji wa mitaani walikwishaonyesha watu wanataka nini nafasi ikiongezeka. Diski za haramia zilizojaa Dar es Salaam na Nairobi zilitumia mbinu mpya za kubana kusukumiza filamu kumi na zaidi kwenye DVD moja. Picha ilififia, biashara ikashamiri. Baadaye deki za bei poa zikaja na tundu la flashi, na faili la 720p likaingia sebuleni bila diski, bila leza, na mara nyingi bila mirabaha.

Mahali ambapo HD ya daraja la kati imekubalika kibiashara ni mtandaoni. Mwaka 2022 Netflix iliupandisha mpango wake wa bei ya chini kutoka 480p hadi 720p. Kufanya hivyo hakukuhitaji kiwanda, kasha, wala deki mpya. Filamu hukaa kwenye seva katika viwango kadhaa vya ubora, na akaunti ya mteja ndiyo inayoamua apewe kipi. Akitaka 1080p mwezi ujao, analipa tofauti ya bei na kuendelea kutazama kwenye televisheni ileile.