Kizio na Usahihi katika Uchoraji kwa Kompyuta

Reli iliyofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ilijengwa kwa upana wa futi 3 na inchi 6, ambao ni milimita 1066.8. Mchoraji wa AutoCAD auandikapo upana huo, akiwa amechagua kizio cha milimita na usahihi usio na desimali, kiooni husoma 1067. Ndani ya faili hubaki 1066.8. Hivyo «usahihi» hapa wahusu maonyesho tu, na neno lenyewe lapotosha. Akiinakili 1067 na kuiandika upya, kosa limekwisha kuingia.

Hatari kubwa zaidi imo katika mkato. Mwanafunzi wa Lubumbashi, aliyezoea desimali za Kifaransa, huandika 1066,8. Nayo programu hufahamu nukta yenye viwianishi viwili: 1066 mlalo, 8 wima.