Nati isiyo saizi yake yaweza kumwaga mzigo njiani

WAFANYABIASHARA wengi wa mboga na matunda wanapokagua gari kabla ya safari huangalia mafuta, maji, upepo wa matairi na kamba za turubai. Nati za magurudumu huonekana jambo dogo. Ikipotea moja, hutafutwa nyingine yoyote inayofanana nayo kwenye kopo la fundi wa pancha, inakazwa, na safari inaendelea.

Balaa nyingi huanzia kwenye kopo hilo. Ndani yake kuna nati za Toyota, Nissan, Mitsubishi na Suzuki zilizochanganywa pamoja. Nyingi kati yake hufunguliwa kwa spana namba 21, zina umbo moja na kutu ya rangi moja. Kwa macho ni pacha, lakini kwa nyuzi za ndani si ndugu.

Stadi za Toyota Hiace na Toyota nyingine nyingi ndogo zina unene wa milimita 12, na kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 1.5. Mitsubishi na Mazda nyingi ni hivyo hivyo. Nissan, Suzuki na Subaru nyingi zina unene ule ule wa milimita 12, lakini nyuzi zake zimebanana zaidi: ni milimita 1.25 tu kutoka uzi hadi uzi. Tofauti ni robo ya milimita, nayo inatosha kuharibu stadi nzima.

Nati ya Hiace ikiwekwa kwenye stadi ya Nissan huingia mzunguko mmoja au miwili kwa vidole, kisha inagoma. Fundi mwenye subira huitoa na kutafuta nyingine. Asiye na subira huchukua mashine ya upepo na kuilazimisha. Nati itaingia, maana chuma kikilazimishwa hukubali, lakini inaingia kwa kukata njia mpya juu ya nyuzi za zamani. Kwa nje inaonekana imekaza sawasawa.

Chukua mfano wa Hiace inayoteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, imebeba karoti, kabichi na pilipili hoho za kuwahi soko la alfajiri Dar es Salaam. Barabara ile ni kona juu ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Breki hufanya kazi karibu safari nzima, na uzito wa mzigo huegemea magurudumu ya mbele. Gurudumu likianza kucheza pale, dereva hana pa kukimbilia.

Hata kama hakuna aliyeumia, hasara ipo pale pale. Mzigo hushushwa kando ya barabara, hukodiwa gari jingine kwa bei ya dharura, na mboga hufika sokoni jua likiwa limepanda. Dalali akiona kabichi zilizonyauka hahitaji kuelezwa kilichotokea ili apunguze bei.

Kinachoshikilia gurudumu

Madereva wengi huamini kwamba gurudumu limening'inia kwenye stadi kama koti kwenye msumari. Sivyo. Nati inapokazwa, stadi huvutika kidogo sana, kama springi, na mvuto huo huibana rimu dhidi ya habu. Msuguano wa vyuma hivyo viwili ndio unaobeba kazi kubwa. Mbano ukipungua, rimu huanza kusogea mbele na nyuma kila gari linapofunga breki, na hapo stadi hupata kazi ya kupindwa ambayo haikutengenezwa kuifanya. Baada ya muda huchoka na kukatika.

Kwa hiyo nyuzi si jambo pekee la kuangalia. Mahali nati inapokalia napo pana umbo lake. Rimu nyingi za chuma za magari ya Kijapani huhitaji nati yenye mdomo wa pia. Honda na Volkswagen kwa kawaida hutumia mdomo wa mviringo kama sehemu ya mpira. Baadhi ya rimu za spoti za Toyota huhitaji nati bapa yenye washa. Nati ya pia ikikalia shimo la mviringo hugusa kwenye mstari mwembamba tu. Baada ya kilomita chache mstari huo unasagika na nati inalegea yenyewe, hata kama nyuzi zake ni sahihi kabisa.

Magari kama Volkswagen Transporter na Mercedes-Benz Vito hayana stadi. Yanatumia bolti zinazoingia moja kwa moja ndani ya habu, na hapo urefu nao unakuwa suala. Rimu ya spoti mara nyingi ni nene kuliko ya chuma, na huja na bolti ndefu. Mwenye gari akifunga tairi la akiba lenye rimu ya chuma kwa bolti zile zile ndefu, ncha zake zinaweza kutokeza upande wa pili na kugusa sehemu za breki. Akifanya kinyume chake, bolti fupi kwenye rimu nene, nyuzi chache tu ndizo zinazoshika.

Kipimo kinachofaa kukumbukwa ni kwamba sehemu ya nyuzi iliyoshikana isipungue unene wa bolti yenyewe. Kwa stadi ya milimita 12 yenye nafasi ya 1.5, hiyo ni mizunguko minane. Kwa ile ya 1.25 ni karibu kumi. Mtu anaweza kuihesabu kwa vidole tangu nati inaposhika hadi inapogusa rimu.

Dalili

Stadi haikatiki bila kutoa taarifa. Usukani hutetemeka, au husikika mgongano wa chuma gari linapoanza kuondoka na linapofunga breki. Ukungu wa kutu unaotoka chini ya nati na kusambaa kwenye rimu kama miale ya jua ni ishara kwamba kuna vyuma vinavyosagana. Matundu ya rimu yaliyokuwa duara yakianza kuwa marefu kama yai, rimu hiyo haifai tena, hata ikipakwa rangi.

Nati inayozunguka bila kukaza wala kufunguka, ile ambayo mafundi husema imekula nyuzi, ni hatua ya mwisho. Wapo wanaoendelea kutembea nayo kwa sababu zilizobaki ni nne au tano. Lakini kazi ya ile moja haipotei. Inagawiwa kwa jirani zake, nazo zinachoka kabla ya wakati. Ndiyo maana stadi moja ikikatika inashauriwa kubadili na zile mbili zilizo pande zake. Zikikatika mbili au zaidi kwenye gurudumu moja, hubadilishwa zote.

Kutengeneza bila kuharibu zaidi

Kama nyuzi zimeguswa kidogo tu, kwa mfano nati ilianza kuingia upande ikatolewa mapema, kazi ni ndogo. Stadi husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha fundi hupitisha dai ya saizi ile ile kunyoosha nyuzi. Kwa habu ya bolti hutumika tapu. Baada ya hapo nati mpya inapaswa kuingia kwa vidole hadi mwisho. Ikihitaji spana kabla ya kugusa rimu, kazi bado.

Jaribio la vidole lina mtego mmoja. Nati ya nusu inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi, inayopatikana kwenye magari mengi ya Kimarekani, huingia kwenye stadi ya Nissan kwa ulaini kabisa kwa sababu nafasi ya nyuzi zake inakaribiana na 1.25, ila tundu lake ni pana zaidi. Fundi hufurahi kwamba imekubali. Kumbe imeshika kwenye ncha za nyuzi tu, na ikikazwa inazikwangua zote. Nati inayoingia huku ikichezacheza pembeni ni ya kukataa sawa na ile inayogoma.

Stadi iliyokula nyuzi hubadilishwa. Nati iliyogoma hupasuliwa kwa tindo au hukatwa kwa grainda kwa uangalifu ili rimu isiguswe. Baada ya hapo dramu au diski inatolewa, stadi ya zamani inagongwa kurudi nyuma, na mpya inaingizwa kutokea nyuma ya habu. Njia nzuri ni ya presi. Pasipo na presi, stadi huvutwa kwa nati ya zamani iliyowekewa washa kadhaa, ikakazwa taratibu mpaka kichwa kikae sawa. Stadi ina meno kwenye shingo yanayoing'ata habu. Ikizunguka baada ya kufungwa, tundu la habu limepanuka na habu inahitaji kubadilishwa.

Jambo linalofanyika katika gereji bubu na ambalo halifai hata kwa dharura ni kuchomelea stadi kwenye habu, au nati kwenye stadi. Chuma cha stadi kimeimarishwa kwa joto maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huivuruga kazi hiyo. Inabaki ngumu mahali pamoja na laini pengine, na hukatika bila kuvutika kwanza. Bolti nyingi za magurudumu huwa na alama ya 10.9 kichwani. Namba ya kwanza inaonyesha nguvu ya chuma kabla ya kukatika, na ya pili inaonyesha ni sehemu gani ya nguvu hiyo kinaweza kubeba bila kubaki kimevutika. Bolti ya kawaida ya dukani, inayofungia mageti na mapaa, haiwezi kushika nafasi yake hata kama nyuzi zinakubaliana.

Kwa magari ya bolti, nyuzi zilizolika ziko ndani ya habu. Fundi mkerezaji mzoefu anaweza kuchimba tundu na kuweka kikombe cha chuma chenye nyuzi mpya. Ni kazi ya vipimo, na akikosea kidogo tundu huenda upande. Kama matundu mawili yameharibika, habu nyingine hutoka nafuu kuliko ubishi wa gereji.

Dukani, mnunuzi aende na stadi ya zamani mkononi. Nyuzi za mpya na za zamani zilazwe ubavu kwa ubavu mbele ya mwanga: zikikubaliana, zinaingiliana bila kuacha upenyo. Mwenye rula anaweza kuhesabu. Ndani ya milimita 15 kuna nyuzi 10 za saizi ya 1.5, au 12 za saizi ya 1.25.

Kukaza nako kuna kiasi

Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa Nm 103. Hiyo ni sawa na kuegemeza uzito wa kilo 21 kwenye mwisho wa spana ya sentimita 50. Volkswagen Transporter ya T5 ni Nm 180, karibu kilo 37 kwenye spana hiyo hiyo. Utingo wa kilo 70 anayesimama juu ya spana ya sentimita 40 anatoa takriban Nm 275. Akiongeza bomba hadi mita moja, anakaribia Nm 690. Stadi nyingi zinazokatika huwa zimekwisha kuumizwa na mtu aliyedhani anaongeza usalama.

Habu na rimu zisafishwe tope, kutu na rangi nene kabla ya kufunga, maana vyote hivyo husagika na kuacha nafasi. Grisi isipakwe kwenye nyuzi isipokuwa mtengenezaji wa gari ameagiza. Hufanya nguvu ile ile ya mkono ivute stadi kupita kiasi. Nati zianzishwe kwa vidole gurudumu likiwa juu ya jeki, zikazwe kwa kuvuka upande wa pili badala ya kuzunguka, na zikazwe mwisho gari likiwa chini. Baada ya kilomita 50 hadi 100 hurudiwa.

Wanaohama kutoka Hiace kwenda Canter au Isuzu wanahitaji tahadhari ya ziada. Malori mengi ya aina hiyo, hasa ya zamani, yana nyuzi za kinyume upande wa kushoto, zenye alama ya L kwenye stadi. Huko kufungua ni kuelekea saa inakozunguka, na wengi wamezikata wakidhani zimeshika kutu.

Gurudumu likipoteza nati zote njiani, madereva wazoefu hukopa moja moja kutoka magurudumu mengine matatu. Njia hiyo inakubalika kwa mwendo wa pole mpaka gereji ya karibu, stadi zikiwa nzima na mzigo ukiwa umeshushwa.