Alex na Edward van Halen: Dramu na Gitaa la Ndugu Wawili

Mtu apitaye katika Zone Industrielle ya Bujumbura, akasikia mashine zikinguruma na nyundo zikilia juu ya chuma, asistaajabu akiambiwa kuwa muziki wa hevi metali, ambao aghalabu wazee wetu huudhania ni makelele ya vijana walioshiba, ulitokana na mahali pa namna hii hii. Mwaka 1965, katika mji wa Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17, jina lake Tony Iommi, alikatwa na mashine ya kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, nao ndio mkono aliobonyezea nyuzi za gitaa, maana alikuwa mashoto; akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akazilegeza nyuzi zisimuumize, na katika ulegevu ule ikapatikana ile sauti nzito iliyolipa kundi lake, Black Sabbath, sifa ya ulimwengu.

Wapigaji waliomfuata ni wengi, walakini hapana ambaye habari zake hunivuta kama Edward van Halen, na sababu si Edward peke yake, bali ni kaka yake, Alex. Wote wawili walizaliwa Amsterdam, Alex mwaka 1953 na Edward mwaka 1955, baba yao Jan akiwa Mholanzi mpiga saksafoni na klarineti, na mama yao Eugenia mzaliwa wa kisiwa cha Java. Mwaka 1962 walivuka bahari kwenda California na piano yao na akiba haba, hata ikambidi baba, aliyezoea jukwaa, kufagia majengo, na mama kutumika katika nyumba za watu. Wana walisomeshwa piano. Baadaye Alex akashika gitaa, na Edward akanunua dramu alizozilipia kwa kugawa magazeti. Kumbe kila atokapo na magazeti yake, kaka mtu huzikalia dramu zile akajifunza. Na Edward alipotambua kuwa amekwisha kupitwa, alilichukua gitaa la Alex, na mambo yakabaki hivyo maisha yao yote.

Sahani ya kwanza ya kundi lao, Van Halen, ilitoka mwaka 1978, na ndani yake mna kipande cha gitaa tupu, “Eruption”, kisichotimiza dakika mbili, ambacho kiliwalazimisha wapigaji wa nchi nyingi kujifunza upya kuigonga shingo ya gitaa kwa vidole vya mikono yote miwili. Gitaa lenyewe Edward alikuwa ameliunga kwa viungo vya bei ya chini na kulipaka rangi ya mistari kwa msaada wa utepe wa gundi, kazi ambayo fundi yeyote wa gereji za Buyenzi, Bujumbura, angeielewa bila mkalimani. Mwaka 2019 liliwekwa katika maonyesho ya Metropolitan Museum, New York. Hata asiyelijua jina la Van Halen amekwisha kuisikia mikono ya Edward katika “Beat It” ya Michael Jackson ya mwaka 1982, ambayo aliipigia bila ujira.

Hizo ni sifa za Edward; kwa Alex, mpiga dramu, nadhani Burundi ingekuwa kadhi mwadilifu kuliko Marekani. Katika ngoma ya kifalme ya Warundi, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, ngoma iliyo katikati, inkiranya, ndiyo itoayo amri, na nyingine huifuata. Wala hapana Mrundi atakayemhesabu mpigaji wake kuwa mtumishi wa mtu. Kwa masikio yangu, gitaa la Edward lilikwenda na dramu za kaka yake kwa namna hiyo, likizikimbia na kuzirudia, wakati waimbaji wa kundi, David Lee Roth, kisha Sammy Hagar, wakija na kuondoka. Wanaowakumbuka ndugu Wilson na George Kinyonga wa Tanga, walioasisi bendi ya Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971, wanaujua ulinganifu huo wa damu moja.

Alex na Edward walipiga pamoja hadharani kwa mara ya mwisho Oktoba 2015, huko Los Angeles. Edward alifariki tarehe 6 Oktoba 2020, baada ya kuugua saratani kwa muda mrefu. Na Alex, mwaka 2024, alitoa kitabu cha maisha yao alichokiita Brothers.