Sura ya Sita: Fahrelnissa Zeid na Turubai Zisizo na Nafasi Tupu

Mtu atakaye kuijua kazi ya Fahrelnissa Zeid, mchoraji wa Kituruki aliyezaliwa mwaka 1901 katika kisiwa cha Büyükada kilicho karibu na Istanbul, hana budi kwanza kuyazoeza macho yake kukosa mahali pa kupumzikia. Maana katika zile turubai kubwa alizozichora alipokuwa amekwisha pita umri wa miaka 45, hapana anga iliyoachwa wazi, wala ardhi, wala mbele wala nyuma, bali kila shubiri imekatwakatwa kwa mistari myeusi, na kila kipande kilicho baina ya mistari hiyo kimetiwa rangi inayogombana na rangi ya jirani yake. Moja katika hizo, aliyoipa jina la “Jahanamu Yangu” mwaka 1951, ina upana wa zaidi ya mita 5. Wako wahakiki waliotazama kazi za namna hii wakapata jawabu jepesi, wakasema kwamba huyu ni binti wa Mashariki, na kwamba hapa pana nakshi za misikiti, mazulia ya Anatolia na vijiwe vya rangi vya makanisa ya kale ya Kirumi, vilivyohamishwa tu kutoka ukutani kuja katika turubai. Jawabu hilo si la uongo. Hata hivyo, kwa rai yangu, limewapumbaza watazamaji wasiulize jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni sababu ya mwanamke huyu kutoweza kuvumilia nafasi tupu.

Ukoo wake ulikuwa wa watu wakubwa katika siku za mwisho za Dola ya Uthmaniya. Baba yake, Şakir Pasha, alikuwa mwanajeshi, mjumbe wa serikali katika nchi za kigeni na mwandishi wa tarehe. Ami yake, Cevat Pasha, aliwahi kuwa Waziri Mkuu wa Sultani Abdulhamid II. Lakini jaha haikuizuia nyumba ile kupatwa na msiba, kwani mwaka 1914 Şakir Pasha aliuawa kwa risasi, na aliyehukumiwa kwa kosa hilo alikuwa mwanawe mwenyewe, Cevat Şakir, kaka yake Fahrelnissa, ambaye alifungwa, na miaka kadhaa baadaye, kwa sababu nyingine, akapelekwa Bodrum kama mtu wa kufukuzwa mjini, na huko akageuka kuwa mwandishi mashuhuri wa habari za bahari na wavuvi. Dada yao, Aliye Berger, alipata sifa kwa picha za kuchapa kwa bamba zilizochongwa; mpwa wao, Füreya Koral, kwa ufinyanzi. Ni nadra kwa nyumba moja kutoa mafundi wengi kiasi hicho, na ni nadra zaidi kwa nyumba iliyomwaga damu yake yenyewe.

Msichana huyu alichora sura ya nyanya yake angali na miaka kama 14, na mwaka 1919 akaingia katika shule ya sanaa ya wanawake ya Istanbul, iliyokuwa imefunguliwa miaka mitano tu kabla yake. Mwaka uliofuata aliolewa na mwandishi İzzet Melih Devrim. Walizaa watoto watatu; wa kwanza alifariki angali mdogo, wa pili, Nejad, akawa mchoraji kama mama yake, na wa tatu, Şirin, akawa mwigizaji wa tamthilia. Mwaka 1928 alikwenda Paris akasoma katika Académie Ranson chini ya mchoraji Roger Bissière, akajionea kwa macho yake mambo ambayo Istanbul ilikuwa ikiyasikia kwa mbali.

Ndoa ya kwanza ilipovunjika, aliolewa mwaka 1934 na Amiri Zeid bin Hussein, mwana mdogo wa Sharifu Hussein wa Makka na ndugu yake Mfalme Faisal I wa Iraki. Amiri huyo alikuwa balozi, kwa hiyo mkewe akawa mtu wa Berlin, kisha, mwaka 1938, mtu wa Baghdad. Na huko Baghdad maradhi ya sononi, ambayo hayakuwa mageni kwake, yalimlemea hata ikabidi aondoke, akawa anakwenda huko na huko, Paris, Budapest, mpaka alipotua tena Istanbul mwaka 1941. Alisimulia baadaye kwamba kuitazama dunia kutoka katika ndege, miji na mashamba yakijikunja na kuwa vipande vipande chini yake, kulimgeuza macho. Nalisadiki neno hilo, ila naona ndege ilimpa umbo tu. Haja ya umbo hilo alikuwa nayo tangu zamani.

Istanbul alijiunga na wachoraji wa Kundi la d, lililoanzishwa mwaka 1933 na vijana waliotaka kuiondoa sanaa ya Uturuki katika uigaji wa kizamani. Picha zake za wakati huo zingali na watu, vyumba na mitaa. Katika ile iitwayo “Abiria wa Daraja la Tatu”, ya mwaka 1943, watu wamesongamana bila kina wala umbali, nguo zao na vitu vyao vikiwania macho sawasawa na nyuso zao. Na mtazamaji makini ataona kwamba hao abiria wamekwisha anza kuwa kisingizio, na kwamba mchoraji anangoja siku ya kuwashusha. Mwaka 1945 alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, si katika jumba la sanaa, bali katika nyumba yake mwenyewe mtaa wa Maçka, akiwafungulia watu milango ya sebule yake waje watazame.

Siku ile ya kuwashusha abiria ilifika London, ambako mumewe alitumwa kuwa balozi wa Iraki mwaka 1946. Mchana alikuwa bibi wa ubalozi, mwenye kukaribisha wageni wa taadhima. Saa zilizobaki alikuwa fundi aliyejaa rangi mikononi. Mwaka 1948 alionyesha kazi zake St George's Gallery, na miongoni mwa waliokuja kuzitazama alikuwamo Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George VI. Napenda kuwaelekeza wasomaji katika picha moja ya mwaka 1947, iitwayo “Vita Dhidi ya Udhahania”, kwa kuwa humo mapambano hayajaisha: nyuso na mikono ya watu vingali vinachungulia kati ya pembe na vipande vya rangi, kama kwamba vinakataa kumezwa. Mwaka 1948 akachora nyingine akaiita “Matatizo Yaliyotatuliwa”, na humo hakuna tena uso wala mkono. Sijui mchoraji mwingine aliyeandika tarehe ya kuhama kwake kwa majina ya picha kwa uwazi kama huu.

Sasa tuangalie jinsi alivyofanya kazi. Alitangulia kutandaza wavu wa mistari myeusi, akiuvuta kwa mkono ulioachwa huru, na vyumba vilivyozaliwa na wavu huo akavijaza rangi za mafuta kimoja baada ya kimoja. Aliyekwisha mtazama mpambaji akimchora bibi arusi piko mkononi anaweza kuukisia mwendo huo, wa mstari mweusi unaoita mstari mwenziwe mpaka ngozi ikajaa. Lakini mpambaji anajua ua lake litaishia kidoleni, ilhali Fahrelnissa hakuwa na kidole wala ukingo akilini, na ndiyo sababu turubai zake zilizidi kukua, hata “Kuelekea Mbinguni” ya mwaka 1953 ikakaribia mita 6 kwa kimo. Nakshi ya msikitini hupatana na hesabu: ukiijua robo yake umeijua yote. Hapa ujuzi wa kona moja haukusaidii kitu katika kona nyingine. Basi wale waliosema mapambo ya Mashariki walikuwa wameona malighafi, wakaikosa kazi.

Mwaka 1954 alifanya maonyesho katika Institute of Contemporary Arts ya London, mwanamke wa kwanza kupewa ukumbi huo peke yake. Aliheshimiwa, lakini magazeti yaliupenda uamiri wake kuliko uchoraji wake.

Tarehe 14 Julai 1958 majeshi yalipindua serikali Baghdad, na Mfalme Faisal II na jamaa zake wakauawa. Amiri Zeid na mkewe walisalimika kwa kuwa walikuwa mapumzikoni katika kisiwa cha Ischia, Italia. Ubalozi wa London, pamoja na chumba chake cha kuchorea, wakatakiwa kuuhama kwa muda wa saa 24. Wakahamia nyumba ya kawaida, na Fahrelnissa, mwenye miaka 57, akapika chakula kwa mara ya kwanza maishani mwake. Matokeo ya jikoni yalikuwa ya ajabu: mifupa ya kuku iliyobaki sahanini hakuitupa, akaipaka rangi, na baadaye akaizamisha katika utomvu wa viwandani unaoganda ukawa kama kioo, akaziita kazi hizo Paléokrystalos. Katika miaka hiyohiyo akarudi kuchora sura za watu aliowapenda, wenye macho makubwa yaliyotulia. Wengi huzisifu picha hizo; mimi naziona pungufu kwa zile turubai za London, ingawa mwenyewe hakuzihesabu kuwa jambo dogo.

Mumewe alifariki mwaka 1970. Mwaka 1975 alihamia Amman, Jordani, kuwa karibu na Raad, mwanawe wa ndoa ya pili, na mwaka uliofuata akafungua chuo cha sanaa chenye jina lake nyumbani kwake, akawafundisha wanawake, miongoni mwao Suha Shoman, ambaye baadaye alianzisha Darat al Funun, nyumba ya sanaa ya mji huo. Alifariki tarehe 5 Septemba 1991. Mwaka 2013 picha yake ya mwaka 1962 juu ya kupasuka kwa atomu na uhai wa mimea iliuzwa mnadani Dubai kwa takriban dola milioni 2.7, na mwaka 2017 Tate Modern ya London ikamfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote, katika mji uleule ambao miaka 59 nyuma ulimpa siku moja ya kufungasha turubai zake.