Mahafali Bila Uwanja: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliifuata safari ya shahada tangu alama zinapokusanywa idarani hadi Seneti inapoidhinisha majina ya wanaostahili kuhitimu. Leo tumefika kwenye siku yenyewe ya mahafali, na hasa mahafali ambayo uwanja wake umefungwa.

Wazazi wengi hawajui kwamba, kwa desturi ya vyuo vilivyorithi utaratibu wa Uingereza, mhitimu anaweza kutunukiwa shahada bila kuhudhuria. Kinachompa shahada ni idhini ya Seneti na tamko la Mkuu wa Chuo. Jina likiwa kwenye orodha, tamko humfikia hata akiwa kazini Muscat au amelazwa hospitalini. Kwa hiyo korona ilipofunga vyuo mwaka 2020, tamko hilo lingeweza kusomwa mbele ya kamera na shahada ikawa halali. Kilichokosekana ni mashahidi: mama, baba, mjomba aliyechangia karo, bibi aliyefunga safari kutoka kijijini ili aone kwa macho yake.

Vyuo vilivyofanikiwa ni vile vilivyotafuta namna ya kumrudisha shahidi huyo. Mjini Tokyo, tarehe 28 Machi 2020, Chuo Kikuu cha Business Breakthrough kilivisha roboti joho na kofia. Kila roboti ilibeba kioo chenye uso wa mhitimu aliyekuwa nyumbani kwake, ikasogea hadi mbele ya mkuu wa chuo, Kenichi Ohmae, naye akaikabidhi cheti. Wako walioicheka picha ile. Mimi naona kazi ya watu waliojiuliza swali lililo sahihi: mhitimu wetu atapitaje mbele ya mkuu wake na kuonekana? Huko California, wanafunzi wa Berkeley hawakungoja uongozi. Walijenga upya majengo ya chuo chao ndani ya mchezo wa kompyuta wa Minecraft, na tarehe 16 Mei wakafanya humo sherehe yao wenyewe.

Kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifanya mahafali yake ya 63 kwa njia ya mtandao tarehe 25 Septemba 2020. Makerere, ambako wahitimu wamezoea kukusanyika mwezi Januari, mahafali ya 71 yalisogezwa hadi Mei 2021; wachache waliingia uwanjani na wengi wakafuatilia mtandaoni.

Ugumu wa vyuo vyetu ni wingi wa watu. Katika vyuo vikubwa, wenye shahada ya uzamivu huitwa mmoja mmoja, lakini wa shahada ya kwanza hutunukiwa kwa mkupuo: kitivo kizima kinasimama, tamko linasomwa mara moja, wanakaa. Uwanjani mkupuo huo haumnyimi mtu kitu, kwa sababu nyuma yake kuna vigelegele vya watu wake, mashada shingoni na wapiga picha wanaogombea kumwelekeza asimame wapi. Mtandaoni hayo yote hayapo. Akibaki jina moja katika orodha inayopita haraka kwenye skrini, mhitimu amepotea katika siku yake mwenyewe.

Dawa ninayoiamini ni kusoma majina yote. Majina 3,000, kila moja likipewa sekunde tano, huchukua saa nne na dakika kumi. Ukumbini hakuna atakayevumilia. Mtandaoni inawezekana kabisa, kwani kila kitivo kinaweza kupewa saa yake na familia ikajua ni wakati gani wa kukaa tayari. Jina lisomwe na mtu anayejua kulitamka, picha ya mhitimu ikae juu yake, na kipande hicho kifupi kitumwe kwake baadaye ili akisambaze kwa WhatsApp. Nasisitiza kipande kifupi kwa sababu ya bando. Video ya saa nne humaliza data ya nyumba nzima, na wenye uwezo mdogo ndio hasa waliojinyima zaidi ili mtoto asome. Penye redio au televisheni ya chuo, matangazo yapite huko pia.

Lipo na suala la joho. Vyuo vingi huyakodisha, na mahafali yakihamia mtandaoni majoho hubaki ghalani. Yatolewe. Mwenye joho atasimama sebuleni kitivo chake kinapotajwa, na waliomzunguka watajua la kufanya. Vigelegele havihitaji kibali cha mshehereshaji.

Haya yote hayaondoi deni la sherehe iliyoahirishwa. Harvard ilitunuku shahada zake mtandaoni tarehe 28 Mei 2020, ikaahidi kuwaita wahitimu hao hali ikitulia. Iliwaita kweli, tarehe 29 Mei 2022, pamoja na wenzao wa 2021. Miaka miwili ilikuwa imepita, wengi wameshaajiriwa mbali, na si wote waliorudi, lakini kila mmoja alialikwa. Chuo kinachoahirisha kinapaswa kutangaza mapema kwamba mwaliko utakuja, kitunze anwani za wahitimu wake, na kisiwaunganishe na kundi jipya kimyakimya kana kwamba hawakuwahi kungoja.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu cheti chenyewe: namna kinavyotolewa kidijitali na jinsi mwajiri anavyoweza kukihakiki.